Miaka 31 kwenye televisheni, na hajawahi kuitwa kwa jina

Saa moja na robo asubuhi, kwenye maegesho ya kanisa moja la East Point, kusini mwa Atlanta, Vernita Gaddis anapita mbele ya magari ya kubadilishia nguo akisoma milango. Kila mlango umebandikwa kipande cha utepe mweupe wa gundi chenye maandishi ya kalamu nzito. Hatafuti jina lake, maana mlangoni huandikwa mhusika, si mwigizaji.

Mlango wa mwisho umeandikwa JIRANI MZEE.

"Haya, ndiye mimi," anasema, na kuingia na chupa yake ya kahawa.

Vernita ana miaka 63. Kama unaishi mji huu umeshamwona, ila hujui ulimwona wapi. Amekuwa Muuguzi wa Pili, Jaji, Mama wa Marehemu, Mwanamke wa Kituo cha Basi. Ameigiza mara 74, na mhusika mwenye jina hajawahi kupewa hata siku moja.

"Dukani watu hunikodolea macho," anasema. "Dada mmoja kaniuliza, 'Hivi tulisali pamoja?' Nikamwambia, 'Hapana, mimi ndiye jaji niliyemfunga mwanao miaka kumi na mitano.'"

Mwaka jana alipata siku tisa tu za kuigiza. Siku nyingine huendesha basi la shule, na hao abiria wake, anasema, ndio watazamaji wasio na huruma kuliko wote.

Leo lakini hana raha. Wiki tatu zilizopita alitumiwa skripti ya tamthilia ya upelelezi, na mhusika wake aliitwa Bi. Hattie. Hakulala kwa furaha. Jana ikaja skripti mpya, Bi. Hattie kafutwa, kawekwa Jirani Mzee. Kisa na mkasa, hakuna anayemwita kwa jina kwenye onyesho hilo.

"Mimi nimezoea. Tatizo nilishamwambia Mama," anasema, akichezea kifuniko cha chupa.

Mama yake, Ozella, ana miaka 91. Alifanya usafi kwenye nyumba za watu kwa miaka 38, na 22 kati ya hiyo ilikuwa kwa familia moja iliyomwita Mary. Mfanyakazi aliyemtangulia aliitwa Mary, na mwenye nyumba hakuona sababu ya kujifunza jina jingine.

"Akirudi jioni alisimama mlangoni, anatuambia, 'Haya, niiteni,'" Vernita anakumbuka. "Saa nyingine zote alikuwa Mama kwetu, ole wako umwite vingine. Ila saa ile sisi watoto wote watatu tunamwita, 'Ozella!' Ndipo anavua viatu."

Saa tatu kasoro anaitwa kibarazani mwa nyumba iliyokodiwa kwa ajili ya kurekodi. Mpelelezi, anayeigizwa na Lamont Beasley, anapanda ngazi kumuuliza kama aliliona gari wanalolitafuta polisi. Vernita ana sentensi tisa. Wanafanya jaribio moja, kisha anamgeukia mwongozaji, Dana Whitcomb, mwenye miaka 34.

"Binti, samahani. Huyu mpelelezi si kakulia mtaa huu?"

"Ndiyo, Bi. Vernita. Nyumba ya tatu."

"Na mimi nipo hapa miaka arobaini. Sasa mbona ananisalimia kama kapotea njia?"

Dana anatazama saa. Lamont anajikuna shingo. "Hata mimi inanitia aibu," anasema. "Kwetu Macon mtu mzima humwambii 'habari' kavu kavu hivyo. Bibi yangu angenilamba kofi."

"Sawa, jina moja tu. Nani?" anasema Dana. "Ila siahidi kitu. Wahariri wakibanwa na muda, salamu ndiyo ya kwanza kukatwa."

Kila mtu anasubiri Vernita aseme Hattie.

"Ozella," anasema.

Kamera inaanza kurekodi. Lamont anapanda ngazi, anavua kofia. "Habari za asubuhi, Bi. Ozella."

Na Vernita, ambaye katika miaka 31 hajawahi kusahau neno, anasahau sentensi zote tisa. Anabaki akimwangalia. Dana anatoa amri warudie. Mara ya pili ndege inapita juu na kuwafunika sauti. Mara ya tatu inakuwa sawa, na ya nne wanairekodi kama akiba.

"Kuanzia sasa kila kazi nitauliza, huyu mtu anaitwa nani," anasema akirudi garini. "Wakinifukuza, basi la shule lipo." Kijana anayebandika tepe za milangoni ameshabadilisha maandishi kuwa OZELLA. Vernita anakibandua kipande hicho taratibu kisichanike.

Mchana yupo kwa mama yake, ambaye anamenya maharage jikoni na hainui kichwa. Vernita anambandikia kile kipande cha utepe mezani, mbele ya bakuli, na kumweleza yote, pamoja na habari ya wahariri. Hataki kumwahidi kitu mara ya pili kisha kipotee.

Mzee anakisoma. Anaendelea kumenya.

"Huyo kijana alilitamka vizuri?"

"Vizuri, Mama. Mara nne."

"Akatanguliza 'Bi.'?"

"Alitanguliza. Na kofia akavua."

Bi. Ozella anajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Wanaonyesha lini?"

"Mwezi wa pili, Alhamisi ya kwanza. Lakini Mama, wanaweza kuk—"

"Nimekusikia, si kiziwi," anasema. "Alhamisi hiyo uje mapema, unitengeneze nywele."