Maneno ya Bibi Nyangi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko wote hapa Tarime mjini. Nilikuwa kijana bado, nasahihisha tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Ndipo akaja Bhoke, binti wa kijiji cha Nyanungu, na tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Alikuwa ameandika habari za wajane waliotolewa kwenye mashamba ya marehemu waume zao. Aliwafuata nyumbani, akawarekodi mmoja mmoja.

Kati yao alikuwemo Bibi Nyangi, mgonjwa tayari. Bhoke alimnukuu kama alivyosema: "Walisema nitoke. Nikakaa. Wakasema tena nitoke. Nikatoka." Mimi nikaona huo si usomi. Nikafuta, nikaandika kwamba alihama baada ya kushauriana na ukoo. Kushauriana! Nani alimshauri yule bibi? Na wajane wengine nikawanyoosha hivyo hivyo, wote wakazungumza kama makatibu wa vikao. Bhoke sikumwambia. Aliniamini, akachapa, akapeleka chuoni.

Watahini wakaomba zile kanda alizowarekodi wajane. Walipozisikiliza wakakuta hazifanani na kilichoandikwa, wakasema binti ametunga. Akapewa mwezi mmoja wa kujitetea. Alikuja kwangu amekonda, akaniomba kitu kimoja tu, niandike barua kwamba aliyebadilisha maneno ni mimi.

Niliogopa, mwanangu. Niliwaza wateja watanionaje. Nikamwambia aje wiki ijayo. Alipokuja nikasingizia kompyuta mbovu. Mara ya tatu nilisikia sauti yake mlangoni, nikatokea uani. Aibu ile sijaizoea mpaka leo.

Barua niliiandika mwezi ukiwa umekwisha. Niliipeleka mwenyewe Nyanungu, nikamkuta anapalilia mahindi na mama yake. Akaniamkia shikamoo kwa adabu ile ile. Akaisoma yote, akaikunja.

"Wameshanifuta chuoni, mwalimu," alisema. "Na Bibi Nyangi tumemzika Jumanne. Kila nikienda alikuwa ananiuliza kama wakubwa wa chuo wameshayasoma maneno yake."

Mama yake alinikaribisha uji, nikakaa nao mkononi mpaka ukapoa.

Sasa na wewe unaingia kwenye kazi hii, ndiyo maana nakusumbua na mambo ya zamani. Panga marejeo, sahihisha nukta na mkato, nyoosha sentensi za mwanafunzi mpaka zisimame. Lakini maneno ya mtu aliyehojiwa usiyaguse, hata yakikukera. Ukiwa na shaka, weka alama pembeni, umuulize mwenye kazi. Na ukiharibu, sema siku ile ile, maana woga ukilala nawe siku moja utazoea nyumba.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho mazima na mkono wenye huruma, na akujalie kusema "ni mimi" wakati neno hilo bado linaweza kumsaidia mtu.