Ukungu wa Mama

Kwetu, juu ya Wundanyi, ukungu una kazi nyingi. Upo ule unaoshuka asubuhi ukameza shamba zima pamoja na choo. Upo ule unaoota kwenye maharagwe yaliyowekwa kabla hayajakauka. Na mama akiulizwa habari za kaka yake aliyehamia mbali kule Mata asisikike tena, hujibu, "Huyo yuko kwa ukungu."

Njia zetu ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Ndiyo maana ukungu ukishuka, mtu hupaza sauti kabla ya kona: "Napita!" Aliye ng'ambo hujibu, "Pita!" na kusimama kando. Tulijua hivyo kabla ya kujua kusoma.

Mwaka jana nilipanda kutoka Voi, ninakofanya kazi, nikakutana na mama konani akitoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Jua lilikuwa kali, hata nyika huko chini ilionekana. Mama akapaza sauti: "Napita!"

Nilikuwa mbele yake. Badala ya kujibu "Pita!" nikauliza:

"Mama, kwani hunioni?"

"Nakuona. Ni hii ukungu tu ya macho. Itaisha yenyewe."

Nililitazama lile bonde, nikaogopa, kisha nikakasirika. "Na ya maharagwe huwa unaingoja iishe yenyewe? Si unayaanika siku hiyo hiyo?"

"Wewe mbishi kama marehemu baba yako."

"Ndiyo. Na kesho tunashuka Voi."

Akasingizia ng'ombe, akasingizia kanisa, akasingizia kuku anayeatamia. Ng'ombe nilimpeleka kwa jirani. Kuku nilimwacha aatamie. Hospitalini daktari alisema ni mtoto wa jicho, na mama akafanyiwa upasuaji huku akinung'unika.

Macho yalipopona nilimrudisha nyumbani. Asubuhi yake kulikuwa kweupe nje, hata choo hakionekani. Nilimkuta mlangoni, jembe begani.

"Hii sasa ndiyo ukungu," akasema kwa furaha. Akanigeukia, akanikagua uso. "Kumbe umeota mvi! Na hakuna aliyeniambia."

Akashika njia. Punde nikaisikia sauti yake kule konani: "Napita!"

Sikuwa njiani, nilikuwa bado mlangoni, machozi yakinitoka. Nilijibu kwa sauti yangu yote:

"Pita, mama!"