Sufuria ya Misiba

Nimesoma mpaka darasa la saba, na kuchomelea alumini nimejifunza kwenye simu, nyuma ya jiko, nikiharibu vifuniko vyangu mwenyewe. Sijui kama naruhusiwa kujiita fundi. Lakini habari ya sufuria sitaificha.

Chama chetu cha kuzikana hapa Rugera kina sufuria moja kubwa ya alumini. Kila msiba, ndizi na maharage hupikwa humo. Baada ya msiba wa mwisho ulionekana ufa ubavuni, karibu na kitako, mrefu kama kidole. Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu, akatangaza kwamba Jumamosi itauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nikasimama. "Shemeji, nipeni mimi niizibe."

Walicheka. Mwanachama mwenzetu mmoja, fundi wa mageti kule Nyaishozi, akasema, "Mama, alumini haina huruma. Chuma kinakuwa chekundu, unajua kimefika. Hii inakaa vilevile, nyeupe, halafu ghafla unabaki na tundu."

Alisema kweli. Vifuniko vinne nilikuwa nimevitoboa hivyohivyo.

"Ikitoboka," nikamjibu, "mnunuzi anapima uzito, hapimi matundu."

Wakanipa mpaka Jumamosi.

Ijumaa asubuhi niliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, kama mama alivyonilea: chombo cha watu hukishiki kichafu. Nikaiweka ubavu juu ya mkaa ipate joto, maana mtungi wangu wa gesi ni mdogo na moto wake peke yake hauwezi sufuria ile. Kando ya ufa nikachora mstari kwa sabuni ya mche. Alumini haisemi imefika, ila sabuni husema: inageuka kahawia. Shemeji na fundi walikuja kutazama. Sabuni ikageuka. Nikagusisha kijiti cha alumini cha kuzibia, kikayeyuka, halafu kikaviringika na kudondoka kama maji juu ya jani la mgomba. Nikajaribu tena. Vilevile.

"Waitu, jamani!" shemeji akapiga makofi. "Umeinywesha dawa, imetapika!"

Fundi hakucheka, hilo nalikiri. Wakaondoka.

Nilikaa chini nikajiuliza kama ni kiburi tu. Kisha nikachokonoa ufa kwa sindano. Ukatoka unga wa kijivu. Majivu. Yangu mwenyewe, niliyoyasugua kwa heshima zote. Nilikuwa tayari kumlaumu aliyeniuzia vijiti. Namwomba radhi hapa, ingawa hatasoma.

Jumamosi kulipopambazuka niliichemshia maji majivu yatoke, nikaikausha, nikaupanua ufa kwa tupa mpaka alumini mpya ikaonekana, nikapiga brashi ya waya ambayo haijawahi kugusa kitu kingine. Mkaa, sabuni, kahawia. Safari hii kijiti kikazama ndani ya ufa kama mafuta ndani ya ugali wa moto. Nikaiacha ipoe yenyewe.

Walikuja wote, na mnunuzi na mizani yake kwenye pikipiki. Tukajaza maji, ndoo baada ya ndoo. Fundi akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye mshono.

"Kuna jasho hapa mwishoni," akasema.

"Inavuja!" shemeji akadakia. "Haya, bwana, toa mizani."

Nikatazama. Tone moja, kweli, lilikuwa linajikusanya. Nikalionyesha kwa kidole. "Inavuja hapo," nikasema. "Kwingine kote haivuji. Mwageni maji. Mizani ikae."

Nikaikausha, nikaipasha, nikachora sabuni mbele ya macho yao, nikagusa pale mwishoni. Tukajaza tena. Fundi akapitisha kiganja, akakitazama, akakipitisha tena, akamwonyesha mwenyekiti. Kilikuwa kikavu. Mnunuzi akawasha pikipiki.

"Mshono mbaya," fundi akasema.

Ni mbaya. Una vinundu kama mgongo wa chura. Yeye angeunyoosha vizuri zaidi kama angekubali kujaribu.

"Itapasuka msiba ujao," shemeji akasema.

"Huenda," nikamwambia. "Ikipasuka mniletee mimi. Na asiisugue mtu kwa majivu."

Kisha nikamwomba ashike mshikio wa pili. Akashika, tukairudisha stoo.