Motoka ya Jamaa

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi sipikii tena feti za ndoa na ubatizo, ninawaambia waende kuiuliza jamaa ya bwana wangu. Wanacheka, wanadhani ni mzaha. Si mzaha. Nilikuwa na kazi yangu, na kazi hiyo iliuawa mchana kweupe, watu wakiangalia na kwaya ikiimba.

Nilianza kama wanawake wengi wa Lubumbashi wanavyoanza: ubatizo wa mtoto wa jirani, halafu komunyo ya kwanza ya binamu yake, halafu ndoa. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, kuku, samaki wa kukaanga, mchele, na bukari, yaani ugali, kwa wale ambao bila bukari wanasema hawajala. Kupika hakukunitisha hata kidogo. Kilichonitesa ni kubeba. Nilipanda teksi nimekumbatia sufuria ya mchuzi kifuani, mafuta yakinilowesha kitenge, shofea akinung'unika kwamba ninamchafulia viti. Nikikodi pikapu ya wazi, vumbi jekundu la kiangazi liliingia kwenye mchele hata ufunike na nini. Mara moja, njia ya Kasungami, shimo moja tu lilipindua sombe yote, na nikafika kwenye ndoa ya watu na sufuria tupu. Mama wa bibi arusi hakunitukana. Aliniangalia tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana motoka niliyoinunua kwa pesa za kupika ilipofika, nililia. Ilikuwa ya kubeba mizigo, nyeupe, imeshachoka huko ilikotoka, haina madirisha nyuma. Lakini paa lake lilikuwa juu, na mimi, ambaye si mfupi, nilisimama ndani wima na kilemba changu kichwani. Mtu ambaye hajapanga sufuria za moto akiwa amekunja mgongo hawezi kunielewa. Fundi mmoja wa kulehemu, mtu wa Naviundu, alinitengenezea rafu za chuma pande zote mbili, kila sufuria na nafasi yake, na vifuniko nilivifunga kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Ubavuni niliandikisha kwa rangi nyekundu: TUNAPIKA KWA FETI ZOTE. Tukifika kwenye sale, ukumbi wa feti, mimi na jirani yangu mjane niliyefanya naye kazi, tulifungua milango ya nyuma na kupakua chakula mle mle ndani, tumesimama kama watu walio jikoni kwao. Wageni walikuja kuchungulia. Nilijivuna, ndiyo. Nani aliniletea motoka ile kama si mikono yangu?

Halafu kaka mkubwa wa bwana wangu akafa.

Kilio kilikuwa kwake, Kasungami. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani juu ya mikeka. Nililala pale na wanawake wenzangu, nikapika kwa sufuria zangu mwenyewe, na motoka ilisimama uani, kwenye parsele, kwa sababu ndiyo iliyoleta sufuria hizo. Lazima niseme jambo moja hapa. Sisi kwetu ni Kasai, ingawa nimezaliwa Lubumbashi na baba yangu vilevile. Jamaa ya bwana wangu ni ya kaskazini mwa Katanga, watu wa reli, watu wa misa. Walinipokea vizuri, sitawasingizia. Lakini bibi aliyetoka kwa watu wengine, kilio ndipo anapopimwa. Unavyolia, unavyochota maji, unavyosema hapana: yote yanaangaliwa, na yote yatakuja kusemwa.

Asubuhi ya kuzika, korbiyare iliyokodishwa, gari la kubeba maiti, ilipata pane na kukwama mjini. Wanaume walipiga simu huku na huku, kila mmoja na rafiki yake mwenye pikapu, na kila rafiki alikuwa safarini. Padri alikuwa anangoja. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Ndipo mulamu wangu akatoka ndani. Huyu ni dada mkubwa wa bwana wangu, na jamaa ile inamsikiliza yeye kuliko wanaume wote. Hapazi sauti. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akaonyesha motoka yangu kwa kidevu.

"Mutaenda kuomba motoka ya bantu bengine, na yetu iko hapa? Iko murefu yulu. Hata bantu ya kwaya batasimama ndani, bataimba muzuri."

Yetu. Nililisikia neno lile. Nilimwangalia bwana wangu, nikingoja aseme kitu. Aliangalia viatu vyake. Basi nikasogea karibu na mulamu, nikasema polepole, kwa heshima, kwamba motoka ile ni ya chakula.

"Mulamu, ile njo ya kubeba chakula."

"Na yaya yetu njo nini?" aliniuliza, akimtaja kaka yake marehemu. "Takataka?"

Wanawake niliolala nao kwenye mkeka waliinua vichwa. Kama ningesema hapana, mpaka leo ningekuwa yule bibi wa Kasai aliyemnyima marehemu motoka. Nikatoa funguo mwenyewe, kwa mkono wangu, na wakaniambia asante mama.

Walifungua rafu zangu wakaziegemeza ukutani. Sufuria wakaziweka kwenye majani. Sanduku likaingia bila shida, pakabaki nafasi, na wanakwaya wakapanda wakasimama pande zote mbili kama mulamu alivyosema. Waliimba vizuri, ni kweli. Milango ya nyuma iliachwa wazi kwa ajili ya msalaba na maua, na motoka ikapita mjini polepole, taa zikiwaka, wanawake nyuma wanalia, na ubavuni, kwa rangi nyekundu, TUNAPIKA KWA FETI ZOTE. Watu kando ya barabara walivua kofia zao. Halafu walisoma.

Niliiosha motoka ile. Sabuni, javeli, majivu, ndimu, halafu sabuni tena. Padri wa parokia alikuja kuinyunyizia maji ya baraka na akanicheka kidogo kwa wema, akisema maiti wa mtu mwema hachafui kitu. Nilimwamini. Lakini nisiwadanganye: siku ya kwanza kurudisha sufuria kwenye rafu, ile ya mchele niliiweka mbali na pale sanduku lilipokuwa. Na kama mimi mwenyewe nilifanya hivyo, ningemlaumu nani?

Wa kwanza kuniacha alikuwa mama mmoja niliyempikia ubatizo wa watoto wake wote. Safari hii ilikuwa ndoa. Alikuja kwangu mwenyewe, na kwa hilo ninamheshimu, wengine waliacha tu kupokea simu.

"Mama, miye sina shida na weye," alisema. "Ni bantu. Utapika muzuri, ninajua. Lakini utaleta na nini?"

Nikamwambia nitakodi pikapu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Sufuria ni zile zile, alisema, nazo zililala ndani ya ile motoka. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, tukaagana vizuri, nikarudi ndani nikakaa chini kwenye sakafu.

Kuanzia hapo lilikuwa ni teremko. Kwenye ndoa moja ambayo walinikubali, mzee mmoja aliona motoka nje, akaweka uma chini, akanong'ona na mwenzake, na nikaona meza baada ya meza inaacha kula. Kuku wangu walibaki kwenye sahani na ngozi yao. Vijana wa kwenye kona wakaanza kuiita korbiyare. Niliipaka rangi ya bluu, nikafuta maandishi, nikadhani nimewaweza. Wakasema korbiyare imevaa nguo mpya. Rangi unaweza kubadilisha, lakini paa lile lilionekana kutoka mwisho wa barabara, na hakuna motoka nyingine kama ile mtaani kwetu. Jirani yangu mjane alivumilia pamoja nami kadiri alivyoweza, halafu akaenda Sakania kuuza mikate kwa wasafiri. Sikumzuia. Angekula nini kwangu?

Na jamaa? Jamaa ilinipenda sana wakati ule. Kila mkutano walitaja jinsi nilivyomsitiri kaka yao. Bibi wa moyo, walisema. Mulamu alininunulia kitenge.

Halafu binti ya mulamu akapata mchumba, kijana wa jamaa inayojulikana, na ndoa ikapangwa. Nikasema moyoni: Mungu amenikumbuka. Kwa sababu nilijua dawa yangu ni moja tu. Kama jamaa ya marehemu yenyewe itakula chakula kilichotoka kwenye motoka ile, mbele ya bakwe, wale wakwe wapya, mbele ya parokia yote, nani tena atathubutu kusema kitu? Siku moja tu ingetosha. Nilimwambia bwana wangu, naye akajibu bila kuinua macho, "Utapika weye, nani tena?" Nilimwita yule fundi akaze rafu. Nilisugua sufuria kwa mchanga mpaka mikono ikachubuka. Nililala nikihesabu kuku, nikaamka nikifikiria sombe nitaitia karanga au mawese.

Mulamu alikuja Jumapili, baada ya misa, na kitenge chake cha wamama wa parokia. Nilimpa chai na mkate. Bwana wangu alikaa nasi mezani. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za magoti yake yanayomuuma. Niliona hagusi chai, lakini sikufikiri kitu.

"Mulamu, usikasirike," alisema mwishowe. "Chakula, tulipatia traiteur wa mu ville."

Traiteur, yaani mpishi wa feti kama mimi. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia neno kwa neno.

"Unajua weye mwenyewe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ile motoka ilibebaka yaya. Bakwe bakisikia kama tulibakulisha chakula ya mule, tutaweka sura wapi? Bukwe haiko muchezo."

Nilitaka kumuuliza nani aliyeionyesha kwa kidevu. Nilitaka kumuuliza kaka yake alikuwa takataka au hakuwa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, nami nikabaki ninapangusa makombo ya mkate kwenye meza, ninapangusa pale pale palipokwisha kuwa safi.

Mulamu alivuta kikombe, akanywa chai kidogo, kama mtu ambaye jambo gumu amelimaliza.

"Lakini motoka tutaihitaji," alisema, na akataja viti vya wageni. "Ya kubeba biti, kutoka ku parokia mpaka ku sale. Iko murefu, bitaingia byote mara moja."

"Na biti, bakwe habataogopa?" nilimuuliza.

"Biti, hakuna muntu anakulaka, mulamu."

Hakuwa ananicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alikuwa anaona ni sawa kabisa. Nikamgeukia bwana wangu. Sikuwa ninataka anitetee kwa maneno mengi. Angesema tu hapana, hata kwa sauti ndogo, hata kwa kichwa, mimi ningemwelewa na ningemsamehe siku ile ya viatu. Nilingoja. Na mulamu alingoja, kikombe mkononi.

Bwana wangu alijikohoza, akamwangalia dada yake.

"Biti iko ngapi?" akauliza.