Siku Walipolipigia Kongosho Langu Vigelegele

Kuna watu hapa Doha bado wananiita Mama Vigelegele, kwa hivyo wacha niieleze aibu yangu mwenyewe, na nitaieleza kwa hasira kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniomba msamaha.

Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya ibada kwa kuwa ndiyo mapumziko huku Qatar, na baada ya kanisa watu walikuwa wanakuja kwetu, mtaa wa Najma, kumwombea mtoto wetu Shani, aliyekuwa na miezi mitatu (nyumba yenyewe ni chumba kimoja na sebule, lakini Baba Shani alikuwa amealika hadi askari wenzake wanaolinda majengo ya West Bay). Asubuhi hiyo tumbo likanishika hapa juu, chini ya kifua, likapitiliza mpaka mgongoni kama mtu ananipigia pasi kwa ndani. Baba Shani akauliza, "Twende hospitali?" Nikamwambia, "Ni gesi tu, wewe nenda ulete viti." Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wageni wakafika. Mama Auma, mkubwa wa akina mama kanisani, akanikuta jikoni nimekunja uso, akaamua ni udhaifu wa uzazi, akanijazia bakuli la supu ya miguu ya mbuzi, mafuta yanaelea juu. "Kunywa yote, mama. Huyu mtoto anakumaliza." Nikanywa, kwani nani anamkatalia Mama Auma mbele za watu? Akaongeza bakuli la pili.

Pasta alikuwa amemwinua Shani, amefumba macho, anaomba, supu ikaamua kurudi. Nikakimbilia choo, nikakuta kuna mtu ndani (nyumba imejaa hivyo, ulitarajia nini?), nikageuka, nikatapika kwa beseni la zawadi, juu ya nepi na vinguo vipya, kisha nikaanguka magoti nimejikunja. Halafu Mama Auma akapasua kigelegele.

"Ameshika mwingine! Mungu ni mwema!"

Aki sebule nzima ikalipuka. Akina mama vigelegele, askari makofi, mmoja wao anamwambia mume wangu, "Bro, kwani wewe hupumziki?" na yule mjinga wangu (nampenda, lakini siku hiyo alikuwa mjinga) ameinua mikono anashukuru. Nikapiga kelele, "Siko na mimba! Nakufa, nyinyi watu!" Wakacheka.

"Hata mimi mtoto wa tatu nilimkataa hivyo hivyo," Mama Auma akasema.

Niliponyamaza kabisa, jasho baridi linanitoka, ndipo Baba Shani aliponitazama vizuri. Akanibeba mbiombio mpaka kwa gari.

Hospitalini, swali la kwanza la daktari: "Unakunywa pombe?" Mama Auma na mke wa Pasta, waliotufuata, wamesimama hapo hapo! Mume wangu akanigeukia polepole. "Mama Shani, pombe unatoa wapi?" Kama ningekuwa na nguvu ningemrushia dripu.

Daktari akasema anauliza kila mtu, maana pombe ni chanzo kimoja kikubwa, lakini kwangu picha ilionyesha mawe ya nyongo, ambayo mimba, kama ile ya Shani, huyachochea. Kijiwe kimoja kilikuwa kimeteleza na kuziba njia ya kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo inayotoa maji ya kusaga chakula, na sasa yale maji yalikuwa yanalisaga kongosho lenyewe. Yaani nilikuwa najila mwenyewe nikiwa hai.

"Na mimba?" Mama Auma akauliza.

"Hakuna mimba, mama. Lakini figo zake zimeanza kulegea."

Akaeleza kwamba kongosho linaweza kufa na kuoza humo ndani, sumu ikaenea mwilini, mapafu nayo yakagoma. Ningelala nyumbani siku hiyo, pengine nisingeamka. Baba Shani akakaa sakafuni. Mimi nilimfikiria Shani tu, bado ananyonya, na mama yake karibu amwachie supu na makofi.

Waliniokoa kwa dripu, baadaye wakatoa kile kifuko cha nyongo chenye mawe. Sasa nimeapa: tumbo likinishika hivyo tena, wageni watajipakulia wenyewe, mimi nitakuwa kwa ambulansi, hata kama anayeombewa ni mimi.