Shina la Mviringo

Hadi leo kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Galbet kikikohoa kabla ya tangazo, naziba masikio, kwa sababu aibu yangu niliitangaza mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe.

Shangazi yangu, Eddo Halima, huuza majani ya mifugo. Hukata ndago kwenye madimbwi ya mto Tana, huzifunga matita, nami huzisambaza kwa mkokoteni wa punda. Mimea nimejifunza kwa simu tu (shule ya picha na wasiwasi), na huko nilisoma kwamba ndago ina shina la pembe tatu, ila kuna mmea wa majini unaofanana nayo sana, wenye shina la mviringo, unaoua mbuzi. Tangu hapo sikuwa na amani.

Siku moja nilipomaliza kugawa, niliona shina moja limebaki mkokotenini. Ningemwuliza Eddo, lakini niliogopa kuonekana sijui. Nikalikata kwa wembe: duara. Nikakata pengine: duara tena! Nikakimbia kwa Mama Fatuma, mteja wetu wa kwanza, nikamkuta mbuzi wake amelala ubavu uani, anagumia, macho yamemtoka, na sikumwuliza mtu swali hata moja, nikageuka mbio hadi msikitini, nikamwambia mwadhini watoto watakunywa maziwa ya sumu, akanipa kipaza sauti.

"Mlionunua majani ya Halima msilishe! Yana sumu! Mbuzi wameanza kufa!"

(Mbuzi mmoja, tena mzima, nami nikasema wameanza.)

Nilipofika nyumbani wateja walikuwa wanatupa matita mlangoni.

"Halima, unataka kumaliza sisi?"

Eddo alikuwa akiyaokota. Miaka yote watu walinunua kwake bila kufungua tita kukagua, na biashara hiyo ndiyo inayotulisha.

"Lete hiyo sumu nione," akaniambia.

Nikampa shina. Akaligeuza mara moja tu.

"Warya, wewe kijana! Hii ni ile nafungia matita! Mbuzi gani nakula kamba?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kila mteja hufungua shina lile, hulitundika kwenye ua, na kila asubuhi mimi, mimi mwenyewe, huyakusanya mashina hayo kumrudishia Eddo afungie tena. Nimeyashika mara elfu na sikuwahi kuyatazama.

Hapo akaja Mama Fatuma, amembeba kwenye mtandio mwanambuzi mbichi kabisa. "Nani alisema mbuzi yangu nakufa? Nazaa!"

Watu walicheka, Eddo hakucheka. Alinishika mkono hadi msikitini. "Sema tena, na mdomo ile ile." Nikatangaza kwamba majani hayana sumu. Hata hivyo wapo ambao mpaka leo hunusa majani kwanza kabla ya kununua, na kila wanaponusa Eddo hutazama chini.

Nimeapa: kabla ya wembe na simu, namwuliza Eddo. Na nikipita kwa Mama Fatuma naharakisha, maana yule mwanambuzi amekua, na mama huyo humwita kwa sauti kubwa: "Sumu! Njoo salimia daktari yako!"