Miraba Kumi na Miwili Nyuma ya Jiko

Baba yangu alikuwa fundi cherehani miaka thelathini na minane. Alifunga kibanda wiki ile aliyomshonea mteja suruali yenye mfuko uliozibwa juu na chini. "Nimeamua kupumzika," alitutangazia. Sisi tulijua kuwa yaliyoamua ni macho.

Mapumziko yake yakatukosesha raha. Alifunua sufuria za mama kabla hazijachemka, akahamisha vikombe, akathubutu hata kumfundisha kukunja mashuka. Mama akachoka, akampa nusu ya kiuanja cha nyuma ya jiko, anakoanika nguo, apande mboga.

"Wiki nane, mzee. Mboga zisipoingia sufuriani, narudisha kamba zangu, na mbao utakazotumia nazipikia."

Kwa baba hilo likawa jambo la kufa na kupona. Mtu aliyezoea kuvalisha harusi nzima hakutaka kugeuka mzee wa kuangaliwa tu barazani. Aliniambia hivyo mwenyewe, wala hakuwa anatania.

Akapigilia kasha la mbao lisilo na kitako, akalilaza limegusa ukuta, akalijaza udongo na samadi. Juu yake akatandaza nyuzi, akapata miraba kumi na miwili: minne kwa urefu, mitatu kwenda ndani. Mraba huu karoti kumi na sita, ile ya ukutani kabichi moja moja, huku vitunguu, kule mchicha. Tepu yake ya kupimia hakuigusa. "Mkono wangu ndio futi," alijigamba, akipima kwa kiwiko. Mimi nikadhani ni maringo ya mafundi tu.

Lakini mboga zilikubali, tusimnyime haki yake. Wiki ya nane ilipotimia, mama alitoka na kikapu. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mchicha ukaingia kikapuni. Vitunguu vikaingia. Kisha mama akazitamani kabichi za mstari wa ukutani. Akainama, akanyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, puu! Akalala kifudifudi juu ya karoti.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mama hakucheka.

"Mzee, hili kasha umempimia nani?"

Baba aliutazama mkono wake. Maisha yake yote hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji, na leo alikuwa amejipimia mwenyewe, na mikono yake mirefu ile. Aliingia ndani, akarudi na tepu.

"Nyoosha mkono, mama watoto."

Akapima kuanzia begani hadi kwenye vidole. Akaisogeza tepu karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Mwishowe akamwekea mama tepu mkononi.

"Soma wewe. Namba sizioni. Hata wakati najenga kasha nilikuwa sizioni."

Mama akaikaza tepu, udongo ukimdondoka kidevuni. Nami kicheko kilinikauka.

"Sentimita sitini na moja," akasoma taratibu.

"Basi nitaondoa mstari mmoja."

"Thubutu! Uziondoe kabichi zangu? Tukishavuna, utalivuta kasha lije hapa katikati, nichume kutoka pande zote mbili."

"Na nguo utaanika wapi?"

"Hayo niachie mimi," mama alisema, akaanza kuzifungua kamba zilizobaki.